Sevisi ya dakika 20 iliyotukwamisha Kibamba

Nimesubiri wiki mbili kabla ya kuandika, ili niandike yaliyotokea na si hasira tu. Uchungu bado ninao.

Ijumaa ile nilihitaji kubadilisha oili haraka. Kesho yake alfajiri nilikuwa nampeleka mama Morogoro kwenye dua ya arobaini ya dada yake, mama yangu mkubwa aliyenilea kuanzia darasa la kwanza mpaka la tatu. Fundi wangu wa siku zote alikuwa amesafiri. Gari langu, Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ, lilikuwa limepitiliza kilomita za sevisi kwa kama 600, na sikutaka kwenda safari ya karibu kilomita 190 na oili iliyochoka. Nikaingia kwenye kituo kimoja cha sevisi za chapuchapu maeneo ya Sinza. Nimekipita mara nyingi, kisafi, magari yanaingia na kutoka.

Nianze na haki yao. Dada wa mapokezi alinikaribisha vizuri, akaandika kilomita, akaniuliza natumia oili gani. Nikamwambia 5W-30, akaniletea galoni niione ikiwa bado haijafunguliwa. Bei walinitajia kabla ya kugusa gari: sh. 98,000 kwa oili lita 4, filta na ufundi. Risiti ya EFD nilipewa bila kuidai, na hiyo ilikuja kunisaidia sana. Chumba cha kusubiri kina kiyoyozi na maji ya kunywa. Dakika 20 tu gari likawa tayari, na kwenye kona ya kioo cha mbele wameshabandika kilomita za sevisi ijayo.

Kupitia kioo cha chumba kile nilikuwa naliona gari kwa mbele tu. Kijana mmoja alikuwa chini kwenye shimo, na kwenye shimo la pembeni kulikuwa na Noah inamsubiri yeye yule yule. Anaitwa huku, anaitwa kule. Nilimwona akipanda ngazi na filta yangu ya zamani mkononi, inachuruzika. Mtu akamwita. Akaitupa kwenye pipa bila kuitazama, akaenda kwenye Noah. Wakati ule sikuona kitu cha ajabu. Siku hizi kila nikikumbuka naliona lile pipa.

Kurudi kwangu Kimara ilikuwa foleni ya Ijumaa jioni. Kutoka Shekilango mpaka daraja la Kijazi pale Ubungo tulikuwa tunasogea hatua kwa hatua. Gari halikuonyesha dalili yoyote, na baadaye nilikuja kuelewa kwa nini.

Tuliondoka saa kumi na moja kasoro alfajiri. Palikuwa giza, sikuinama kutazama chini ya gari. Mama alikaa mbele, mfuko wa tende na ubani mapajani. Yeye alikuwa amependekeza twende na treni ya SGR, ambayo imeanza kwenda Morogoro tangu Juni 2024, lakini mimi niling'ang'ania gari kwa sababu nyuma tulikuwa na mchele kilo 50 na masufuria mawili makubwa tuliyoazima kwa jirani.

Tulipoiacha Mbezi barabara ikafunguka, nikakanyaga mpaka 80. Mama ndiye aliyeanza.

"Mwanangu, kuna kitu kinaungua."

Nikamwambia labda watu wanachoma takataka.

"Si takataka. Mafuta hayo."

Tulipofika Kibamba, kwenye mwinuko, ile taa nyekundu yenye alama ya birika linalodondosha tone ikawaka, ikazima, ikawaka tena na kubaki. Nikatoka barabarani nikazima injini hapo hapo, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Watu wengi wanadhani taa ile inasema oili imepungua kidogo, kwamba unaweza kujikokota mpaka sheli ya mbele. Inasema presha ya oili imeshuka. Vyuma ndani vinasuguana vikavu, na ukiendelea kuendesha injini inanoki, yaani inaharibika kabisa.

Nikawasha tochi ya simu nikachungulia. Oili haikuwa inadondoka matone, ilikuwa inashuka kama uzi mwembamba unaong'aa, na nyuma yetu kwenye lami kulikuwa na mstari mweusi uliotufuata mpaka mwanga wa tochi ulipoishia. Nikavuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili: kavu. Nikaifuta, nikairudisha, nikavuta tena: kavu.

Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Alikaa kwenye jiwe pembeni ya barabara, akajitanda kanga vizuri, akatoa tasbihi. Marehemu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja wa mwisho aliyebaki. Kulipopambazuka nikamtafutia bajaji imrudishe stendi ya Magufuli pale Mbezi akapande basi. Nikamuuliza kuhusu mchele na masufuria. "Acha," akasema, "watapikia yaliyopo." Dua ilikuwa saa nne. Alifika saa tano kasoro, akakuta watu wanakula. Sh. 98,000 zimerudishwa, kama nitakavyoeleza, lakini ile saa moja hakuna wa kumrudishia.

Fundi nilimpata kupitia kijana wa bodaboda. Mzee wa makamo, alikuja na mfuko wa spana na kipande cha boksi cha kulalia. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Limefanyiwa sevisi lini?"

"Jana jioni."

Akanyamaza, akatandika boksi lake, akaingia chini.

Filta ilitoka kirahisi. Aliishika juani tuitazame wote. Mpira wake, upande mmoja, ulikuwa umesukumwa nje ya mfereji wake ukachomoza kama ulimi. Ulikuwa mpya, laini, unabonyea. Kisha akarudi chini, akapitisha kidole pale filta inapokaa kwenye injini, akakwangua kwa ukucha, akatoka na mpira wa pili. Huu ulikuwa bapa, mgumu, umeng'aa kwa joto la miezi mingi, na alipoukunja ukapasuka.

"Huu ni wa filta ya zamani," akasema. "Wamefunga mpira juu ya mpira."

Alinieleza taratibu, nami nitaeleza kwa sababu mwenye gari yeyote anaweza kukutwa na hili. Filta ya oili ina mpira wa duara mdomoni, huo ndio unaozuia oili isipite. Joto likiupata muda mrefu unaganda kwenye injini, na filta ikifunguliwa unaweza kubaki pale pale juu. Asiyetazama anafunga filta mpya juu yake. Gari likiwa silensa, yaani linaunguruma limesimama, au likijivuta kwenye foleni kama ile yangu ya Shekilango, mipira miwili inaweza kushikilia. Lakini ukiwasha alfajiri oili ikiwa imepoa na nzito, halafu ukapandisha mizunguko barabarani, presha inapanda na mpira unachomoka. Kuanzia hapo pampu ya oili yenyewe ndiyo inayoimwaga oili nje.

Mzee alifuta sehemu ile kwa kitambaa mpaka ikawa nyeupe. Akapaka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya aliyomtuma kijana wa boda aje nayo, akaizungusha kwa mkono mpaka ikagusa, akaongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Injini hii, pamoja na filta, inabeba lita 3.7. Ilipokea karibu lita 3. Yaani tulikuwa tumebakiza kama nusu chupa kubwa ya maji. Nikawasha, taa ikazima baada ya sekunde chache, hakuna mlio wa kugonga. Mzee akarudi kwenye boksi lake akalala pale dakika 10 nzima injini ikiunguruma, anatazama tu. Hizo dakika 10 ndizo zilizokosekana Sinza.

Oili, filta, ufundi na bajaji vilinigharimu sh. 114,000.

Jumatatu nilirudi kituoni. Msimamizi alianza na barabara zetu: labda nimegonga tuta, labda kuna jiwe. Nikafungua gazeti mezani, mipira yote miwili ikiwa ndani, nikaweka filta yao pembeni na risiti ya EFD juu yake. Akaagiza kijana aitwe. Kijana alipouona ule mpira mgumu akainamisha kichwa. "Samahani sana dada, sikutazama." Hakutafuta kisingizio, na mimi sina kinyongo naye. Mtu mmoja kwenye mashimo mawili, huku ukutani wameandika ahadi ya dakika 20, siku moja lazima atasahau. Aliyepanga kazi hivyo ndiye ninayemlaumu.

Walinirudishia sh. 98,000 siku hiyo hiyo. Zile 114,000 wamekataa, wanasema hawalipii kazi ya fundi wa nje, kana kwamba nilipaswa kulivuta gari kutoka Kibamba hadi Sinza ndipo niwe na haki. Nimewaandikia barua yenye picha na nakala za risiti, nimewapa siku 14. Wasipojibu naipeleka Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na mimi ni mlaji niliyelipa kwa risiti halali.

Kwa hiyo nawapa nyota 2 kati ya 5: moja ya uwazi wa bei na risiti, nyingine ya kurudisha fedha bila kunizungusha. Kwa kazi yenyewe hawana nyota. Kama utakwenda kwao, au popote wanapokimbizana na saa, omba filta yako ya zamani uione kabla haijatupwa, na hakikisha mpira wake umetoka nayo. Waombe wawashe gari mtu akiwa chini anatazama. Ukifika nyumbani vuta dipstiki, na usiku tandika boksi safi chini ya injini, asubuhi ulikague kabla ya kuondoka. Safari ndefu usiifanye kesho yake.

Fundi wangu amesharudi. Amelisikiliza gari, haridhiki kusema kwamba limepona. Amesema nitembee kilomita 1,000, tumwage oili hii mpya kabla ya wakati wake, aiangalie kama ina vumbi la chuma. Mpaka leo nimetembea 640. Boksi nalitandika kila usiku, na asubuhi ya leo lilikuwa kavu.