Duka lililonikamulia sponji

Nilisema ningoje hasira ipoe ndipo niandike. Kila nikipita sebuleni nikaliona lile tangi la samaki, inapanda upya.

Tangi nililipata kwa mzee mmoja wa Mikocheni aliyekuwa anahama. La lita kama 100, kioo hakina hata ufa. Akanipa na ndoo ya maji ya tangi lenyewe, ndani mna sponji ya filta, imejaa utelezi wa kahawia. "Kijana, hii usije ukaiosha. Mali iko humu."

Njiani nikapitia duka moja la samaki wa mapambo kutafuta pampu ya hewa. Muuzaji akachungulia ndoo, akakunja pua. "Kaka, uchafu huu ndio unataka kuwawekea samaki?" Kabla sijajibu, sponji iko chini ya bomba. Akaikamua, akaisugua, akaikamua tena mpaka maji yakatoka meupe. Maji ya bomba yale, yananuka klorini! Akanirudishia imetakata kama ya kuoshea vyombo. Na mimi, mjinga, nikamwambia asante.

Kumbe ule utelezi ndio mali yenyewe. Samaki akila akinya, maji yanajaa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria waliong'ang'ania kwenye sponji na changarawe wanaigeuza kuwa nitriti, nayo bado sumu, kisha wenzao wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Kuwakuza kutoka sifuri ni wiki 4 hadi 6 hivi. Jamaa aliwasugua kwa dakika mbili, halafu akaniuzia wengine wa chupa! Chupa kaitoa dirishani, jua la saa nane limeichoma mpaka nikaihamisha mkono. "Mimina hii, leoleo weka samaki."

Nikamimina. Nikaweka samaki wa dhahabu wanne. Siku ya tatu wako juu wanatweta, kesho yake wawili chali. Kipimo cha amonia, ambacho kingepaswa kubaki njano, kikawa kijani cha mchicha.

Nikarudi dukani. Hata pole sikupata. "Samaki ni kiumbe, anakufa. Unataka wasiokusumbua? Nenda soko la samaki la Feri, wale wameshakufa." Duka zima likacheka.

Niseme na la haki. Zipo chupa zinazofanya kazi bakteria wakifika hai, na hii yangu siwezi kuapa kuwa ilishakufa. Samaki wanne siku moja nimeweka mwenyewe, na mdomo wa kumzuia asiguse sponji nilikuwa nao. Pampu yao pia haina kelele, nalala nayo chumba cha pili bila shida. Basi nyota mbili. Hapana, moja. Na nikikumbuka kile kicheko, hiyo moja ni ya pampu, wao hawana kitu.

Aliyeniokoa ni mama wa jirani. Alikata nusu ya sponji yake ya zamani, akaniletea kwenye kopo la maji ya tangi lake, nikaibana pembeni ya yangu. Kila siku nikabadilisha robo ya maji, chakula nikapima kwa ncha ya kidole. Baada ya kama wiki mbili kipimo kikarudi njano. Wale wawili waliobaki wapo, wanene.

Juzi daladala ilikwama kwenye foleni mbele ya duka lile. Chupa ziko dirishani palepale, zinaota jua.