Uzoefu wangu na duka la dawa moja hapa Arusha: nyota moja. Au mbili. Sijui

Jina la duka silitaji, sitaki kesi. Ni moja ya yale yenye feni na kiti kimoja cha plastiki ambacho kila siku kina mtu.

Mwanangu alizaliwa njiti lakini ngozi safi kabisa. Wiki ya pili au ya tatu hivi nikaona kidoa kwenye kope ya juu, jicho la kushoto, mama mkwe akasema kaumwa na mbu. Mbu gani huyo jamani, maana kila wiki kinanenepa, chekundu kama nyanya, na alipokaribia miezi mitatu kope ilikuwa imeanza kulalia jicho. Zahanati wakaniambia ni alama tu, itapotea yenyewe. Shangazi yangu wa Moshi alivyoona picha kwenye simu akasema hapana, mlete huku.

Sasa hiyo ilikuwa Desemba, Wachagga wanapanda nyumbani kula Krismasi, gari hakuna, nauli ndo hivyo tena, nimekaa siti ya nyuma na mtoto kichwa kimefunikwa khanga maana kila anayemwona lazima aulize "huyo kaungua?" Mpaka tunafika Moshi nimeshajibu mara sita.

Kliniki ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kule wanakofundishwa madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, sina neno baya. Daktari mama mtu mzima akabonyeza kile kidude kwa kidole kikawa cheupe kidogo, akaachia, damu ikarudi, akasema hii inaitwa hemanjioma, ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu, si kansa, inawapata zaidi watoto wa kike na njiti, inakua mbio miezi ya mwanzo halafu inasinyaa polepole kwa miaka. "Ingekuwa mgongoni ningekwambia mama nenda kalee mtoto wako," akasema. Ila kwenye kope ni habari nyingine, jicho la mtoto mchanga likizibwa ubongo unazoea kutolitumia, na hata uvimbe ukija kuisha jicho limeshakuwa vivu.

Akaandika propranololi. Nikashtuka, baba yangu mzazi alikuwa anameza hiyo ya presha! Akacheka, akanieleza kwamba Wafaransa kule Bordeaux waliigundua kwa bahati tu, walikuwa wanampa mtoto kwa ajili ya moyo, kesho yake wakaona uvimbe wake usoni umebadilika rangi kutoka nyekundu kali kwenda zambarau na umelainika. Wakaandika mwaka 2008, na saivi ndo dawa ya kwanza dunia nzima. Dozi ya kwanza wakampa palepale, wakatukalisha masaa mawili wanapima mapigo ya moyo. Halafu masharti: anyonye kwanza ndo apewe, akigoma kula au akitapika usimpe kwa sababu sukari inaweza kushuka, kifua kikianza kulia usimpe, mlete. Kipimo siandiki hapa msije mkajaribu wenyewe, kinategemea uzito. Vidonge vya kuanzia wakanipa, vingine nikanunue Arusha, vya miligramu 10.

Ndo nikaingia kwenye hilo duka.

Kijana wa koti jeupe akachukua karatasi yangu, akaisoma, akairudia, halafu akamwita mwenzie kule nyuma kwa sauti: "Njoo uone hii, mtoto wa miezi mitatu kaandikiwa dawa ya presha." Foleni nzima ikageuka. Mzee mmoja akasema "Eeh, presha ya nini, kachukua mkopo?" watu wakacheka, na mimi nimesimama pale maziwa yananivuja kwenye gauni. Nikasema kaka soma vizuri, ni ya uvimbe. Akanyoosha mkono juu ya kaunta, akafunua khanga YANGU, akamgusa mwanangu kwenye kope na kidole kilichokuwa kinahesabu hela sekunde hiyohiyo. "Dada hii si alama tu? Ana kilo ngapi kwani? Mi sikupi hii dawa, utaua mtoto." Namba ya kliniki ipo juu ya karatasi, hakupiga. Badala yake akatoa krimu kwenye kabati la kioo akasema paka hii asubuhi na jioni, elfu kumi na mbili. Krimu ya kitu gani? Hata yeye hakujua, nilimuuliza akaanza kusoma boksi!

Aisee nilitoka pale natetemeka. Nyota moja, tena ningeweza kuipunguza ningeipunguza.

Duka la pili, barabara ya pili yake, dada mzuri, "karibu mama, pole na jua, mtoto hajambo?", dakika moja nimepewa vidonge kwenye bahasha, bei haifiki chipsi mayai. Nikarudi nyumbani namsifia. Usiku nimeshamnyonyesha, nimetoa kidonge nikisage nikichanganye na maji kama nilivyofundishwa, nikaona kinene. Nikatafuta vile vya Moshi nikavilinganisha chini ya taa. Kwenye karatasi ya vidonge imeandikwa 40. Arobaini! Mara nne! Yule dada mzuri hakusoma kitu, aliona jina la dawa basi. Nilikaa chini sakafuni.

Kwa hiyo asubuhi nikarudi kwa nani? Kwa yule yule mshenzi. Nikamwekea vidonge vya 40 na karatasi yangu kaunta, sikusalimia. Akaangalia kimoja, akaangalia kingine, akanyamaza. Akauliza tena, "Kilo ngapi?" Nikamjibu. Safari hii akapiga ile namba, akaongea nao, "sawa daktari, sawa daktari", akavuta droo akatoa za 10. Zilikuwepo siku zote kwenye droo!! Akachukua kalamu akaandika kwenye bahasha herufi kubwa: BAADA YA KUNYONYA TU. Samahani hakusema.

Sasa nimpe ngapi huyu mtu? Alinidhalilisha, hilo halifutiki. Lakini kati ya wawili wale yeye ndo alisoma, yeye ndo aliuliza kilo. Basi mbili. Ya pili ni ya kalamu.

Uvimbe wenyewe, siku chache tu rangi ikaanza kuiva zambarau kama nilivyosimuliwa, kope ikapanda, saivi amebaki na kivuli hafifu ukimsogelea, na anapekua makabati yote ya nyumba kwa macho mawili. Juzi nimepita pale na yeye kununua dawa ya mafua, kijana akamchekea, "Hajambo mtoto, macho mazuri hayo," yeye hatukumbuki hata kidogo. Ile krimu bado ipo kwenye kabati la kioo, nimeiona.