Proudhon au Bakunin: uanze kumsoma yupi?
Wote wawili, waandishi wa anarkia wa karne ya 19, waliikataa serikali, ila njia zao ni mbingu na ardhi. Proudhon, mpanga herufi za uchapaji wa Besançon, Ufaransa, mwaka 1840 aliandika kwamba mali ni wizi. Bunduki hakuzitaka, alitaka mafundi wakopeshane karibu bila riba, na mwaka 1849 akaanzisha Benki ya Watu. Haikufika mbali: alihukumiwa jela kwa kumshambulia rais kwa kalamu.

Bakunin, mtoto wa kabaila wa Urusi, mwaka huohuo wa 1849 alikuwa kwenye vizuizi vya barabarani vya waasi huko Dresden, Ujerumani. Akafungwa, akapelekwa Siberia, akatoroka 1861 kupitia Japani na Marekani hadi London. Maandishi yake mengi yanakatika njiani.

Mimi ningeanza na Proudhon, ingawa aliyoandika kuhusu wanawake yanakera kweli.