Olorgesailie: usiishie kwenye mashoka, waombe wakuonyeshe kuta

Mimi ni mchimba visima, Kitengela. Kila mita chache nachota tope linalotoka shimoni, nalisugua kiganjani, naandika rangi yake. Kwa hiyo nilipompeleka binti yangu wa kidato cha tatu kwenye makumbusho ya Olorgesailie, barabara ya Magadi, nilitaka kuona yale ninayoyakuta chini yakiwa wazi juani.

Mashoka ya mawe ya watu wa kale yapo, mengi, yamelala palepale watafiti Mary na Louis Leakey walipoyakuta mwaka 1942, nawe unayaangalia ukiwa juu ya daraja la mbao. Yatazame kwa utulivu. Lakini kilichonishika ni kingo za korongo. Mwongozaji wetu, kijana wa Kimaasai, aliposikia kazi yangu alibadilisha ziara nzima. "Mzee, njoo uguse hapa," akasema, akaninyooshea bonge lililokuwa limeanguka. Jeupe kama unga wa sembe, jepesi ajabu, likaacha vumbi vidoleni kama chaki.

Ni daiatomaiti, mwamba wa maganda ya viumbe vidogo vya majini. Palikuwa na ziwa hapa, na ndani yake miani midogo isiyoonekana kwa macho, yenye maganda ya silika, madini yanayotengeneza kioo. Ilipokufa, maganda yalizama taratibu mahali maji yalipotulia, mbali na mito. Juu ya weupe huo kuna ukanda wa kahawia wenye alama za mizizi: ziwa lilirudi nyuma, nyasi zikaota. Kisha kijivu, majivu ya volkano. Halafu weupe tena, ziwa limerejea. Fuwele zilizo ndani ya majivu ndizo zinazowapa wataalamu umri: kuanzia kama miaka milioni 1.2 iliyopita hadi karibu nusu milioni.

Binti akauliza, "Baba, mbona ziwa halikujaa udongo likaisha mapema?" Kijana akamjibu vizuri kuliko ambavyo ningemjibu mimi: sakafu ya Bonde la Ufa ilikuwa ikizama, kwa hiyo nafasi ya kupokea udongo ikawa inaongezeka. Baadaye ardhi ikakatika tena, mvua na mito vikachimba, ndiyo maana leo tunaziona tabaka hizi ubavuni.

Kwenye uwanda wa Koora, jirani na hapo, mwaka 2012 watafiti walichoronga mita 139 na kulitoa tope la chini likiwa vipande virefu vya mviringo kama mchi, kwa mpangilio wake. Nimechimba zaidi ya hapo mara nyingi, na tope langu lote nimelimwaga.

Huduma ya mwongozaji naipa tano kwa tano. Kilichotuharibia ni gari la kukodi: dereva alianza kupiga honi saa sita kamili, tukaacha ukuta wa mwisho. Nenda na usafiri wako, maji ya kutosha na kofia, ufike kabla ya saa tatu asubuhi. Kivuli cha korongo bado kipo wakati huo na mistari ya tabaka inaonekana wazi.