Presha yangu ya umeme naipenda, ila lile duka Mungu analiona

Mnaniuliza kama mnunue presha ya umeme. Nianze na sifa, nisije nikaonekana mgomvi tu. Nyumba yangu ikishika moto leo, kitu cha kwanza nitakachotoka nacho ni hii sufuria ya presha ya umeme. Watoto wana miguu, yenyewe haina.

Mimi nimelelewa kambi ya polisi, na kambini maharage yalikuwa kazi ya zamu. Yanapanda kwenye sigiri asubuhi, mmoja wetu anabaki kuyalinda, na ukiyaacha yaungue unamsubiri baba avue mkanda wa serikali. Basi siku ya kwanza nilipotia maharage ya nambale makavu, hata sikuloweka, nikafunga mfuniko nikaenda kuogesha watoto, nikarudi baada ya muda usiofika saa moja nikayakuta yanapondeka kwa vidole viwili, nilikaa chini jikoni nikacheka peke yangu. Makongoro, wenyewe huku wanayaita mulokoni, yale ya kulala motoni usiku kucha, saa moja na nusu tu yameachana na mfupa.

Na makaa mnayajua. Tangu Rais Museveni apige marufuku biashara ya makaa kule kaskazini mwa Uganda mwaka 2023, kwetu gunia limekuwa hadithi, tunanunua kwa mfuko kama sukari. Eti kwenye umeme nako kuna bei ya chini ya kupikia, kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi. Mimi na presha yangu hata hiyo 81 hatuifikii! Mume wangu, anayeikagua Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, kila jioni utadhani kaajiriwa kuikagua, alinyamaza kabisa. Waliooa na kuolewa wanaelewa uzito wa hilo.

Sasa tuje kwenye mpira.

Ndani ya mfuniko kuna mpira wa duara unaoziba mwanya kati ya mfuniko na sufuria. Mvuke ukikosa pa kutokea presha inapanda, kile kipini kidogo kinainuka, mfuniko unajikaza, na maji yanapata joto kupita la kuchemka kwa kawaida. Uchawi wote ndio huo. Mpira wangu ulianza kwa kushika harufu, hadi wali ukawa unanukia makongoro. Kisha ukalegea. Jioni moja naona mvuke unafuka pembeni, kipini kimelala fofofo, maji yamekauka, maharage ya juu mawe, ya chini mkaa.

Sikukasirika. Kweli kabisa. Mpira ni kitu cha kuchakaa, hata tairi la boda linachakaa. Niliuosha, nikautia kwenye mkoba, nikapanda taksi hadi mjini kwenye duka lilelile. Sitalitaja. Ni lile la vioo na kiyoyozi, ambalo siku ya kununua waliniita "nyabo", yaani bibie, mara kumi na kuniletea maji ya kunywa. Safari hii nikamkuta kijana ameegemea friji ya kuuza, macho kwenye simu. Nikamsalimia. Nikautoa mpira. Aliutazama bila kuugusa, utadhani nimemtolea panya mfu.

"Mama, hiyo haiuzwi peke yake."

"Inauzwa na nini?"

"Na presha."

Nikajua ananitania. Nikamwambia, mwanangu, presha ninayo, nzima, shida ni hili duara tu. Akasema wao hawauzi vipande. Waranti? Haihusu mipira. Mnaweza kuniagizia? Hatuagizi. Kisha, bado kainamia simu, akatoa sauti ya kusikika hadi kwenye keshia: "Hii ni teknolojia, Mama. Siyo sufuria ya Katwe."

Na yule wa keshia akacheka.

Sasa hapo ndipo nilipokasirika. Mama yangu ana sufuria ya Katwe, kule kwa mafundi chuma wa Kampala, imemiminwa kwa vyuma chakavu, ina umri kumpita huyo kijana, na haijawahi kumdai mtu mpira. Miguu ikanipeleka yenyewe. Katwe nikamkuta mzee mmoja, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Akaushika ule mpira, akaunyoosha, akaunusa (akacheka, makongoro), akasema neno moja: "Gasketi." Kumbe kina jina! Duka zima la vioo hawakulijua jina lake. Akapima, akakata tyubu ya gari, akaniambia nijaribu, ikikataa nirudi. Elfu tano.

Na ikakaba. Kipini kilipopanda nilipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Maharage yakaiva kwa muda uleule. Yakanuka gereji. Mwanangu wa mwisho akauliza leo tunakula tairi? Nikamwaga sufuria nzima. Najua, najua, tyubu haikutengenezwa kwa chakula, msinifundishe, nilikuwa na hasira.

Basi nikarudi kwenye sigiri, wiki kadhaa. Aibu ninayoweza kukiri ni hii: mimi mtoto wa kambi, niliyepuliza makaa tangu nikiwa na miaka saba, nilikuwa nimesahau. Niliunguza mara tatu. Mara ya tatu nilimwachia binti yangu ayalinde, akajisahau kidogo tu, na nilivyomfokea nikasikia sauti ya baba yangu ikitoka mdomoni mwangu. Nilijisikia vibaya sana. Kisha nikamkasirikia yule kijana kwa hilo pia.

Kilichoniokoa ni dada yangu aliye Nairobi. Nilimpigia picha ya mpira pamoja na maandishi ya chini ya sufuria, akaupata, akanitumia miwili kwa basi. Usiku uleule nikapika makongoro.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue, mnaniuliza. Nilipokuwa na hasira niliwaambia majirani wote wasiguse, ni utapeli wa kisasa, unauziwa raha halafu unanyimwa kipande chake. Leo nasema nunua. Ila kabla hujatoa hela muulize muuzaji mpira uko wapi, na akisema hana, toka. Hapana, nisidanganye. Mimi ningeambiwa siku ile ningenunua tu. Presha naipa nyota tano. Duka sifuri. Haya, nusu, kwa yale maji ya kunywa.

Mpira wa pili nimeuficha kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mume wangu aliuona juzi akitafuta kitambulisho, akauliza ni wa pikipiki ya nani.