Nimeivuta kwa kilo 10: CNC niliyoijenga nyumbani, inakata mbao na aluminiamu

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo ni CNC yangu, mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Kabla ya yote nataka muone kitu kimoja. Hii hapa dayo geji, kipimo cha sindano cha kuonyesha misogeo midogo sana, mguu wake wa sumaku uko kwenye meza, ncha imegusa pua ya spindo, yaani mota inayozungusha biti, sindano iko sifuri. Sasa nachukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia mizigo, nafunga kamba kwenye spindo navuta... kilo tano... nane... kumi. Umeona? Mistari mitatu! Kila mstari ni 0.01 ya milimita, kwa hiyo kilo kumi zote zimeisogeza 0.03 tu. Subiri nihamishe geji upande huu... minne. Na nikiachia inarudi sifuri palepale, hicho ndo kinanifurahisha zaidi, maana yake hakuna bolti wala beringi iliyolegea, ni chuma kinapinda kidogo kama springi basi.

Mashine yangu ya kwanza, ya kit, ya magurudumu ya plastiki, jaribio hilihili sindano ilienda nusu duara, nusu milimita nzima, na haikurudi. Mbao laini ilikata, sikatai, lakini aluminiamu ilikuwa kelele tupu mpaka biti inavunjika. Watu hapo wanakimbilia mota kubwa. Jamani tatizo siyo mota, ni daraja, hili linalobeba spindo! Mimi nimeweka bomba la mraba 100 kwa 100 badala ya 50 kwa 50. Bomba likiwa kubwa mara mbili, unene wa ukuta uleule, ugumu wake wa kutopinda unapanda karibu mara 8. Mara 8 wadau!

Reli za mraba za kutelezea HGR20, skrubu za mipira za kusogeza 1605, spindo kilowati 2.2 ya kupozwa na maji, hayo mnayajua, tupite.

Kwenye kuchomelea sasa, ukipiga mshono mrefu moja kwa moja bomba linapinda, langu la kwanza lilipinda karibu milimita 2 nikalitoa. La pili nikapiga vidoti, huku kidogo, kule kidogo, linapoa, naendelea. Bado halikunyooka kiasi cha kukalisha reli, kwa hiyo nikazungushia kingo, nikamwaga epoksi nyepesi inayoganda taratibu, pande zote mbili zinapokaa reli zimeungwa na kimfereji ili ijisawazishe kama maji, siku mbili sijaigusa.

Gharama, chuma nimenunua Gerezani hapa Dar, reli na skrubu nimeagiza China, mpaka leo shilingi milioni tatu na nusu hivi. Siyo hela ndogo. Video iliyopita nilizisema vibaya reli za mviringo, nimebadili mawazo kidogo, kama uko Keko unakata mninga tu kwa ajili ya fanicha zinakutosha, okoa hela. Aluminiamu hapana, hapo sibadiliki. Waya na inveta ya spindo ni video ya Jumamosi, mliouliza kwenye komenti msikose.

Haya, aluminiamu 6061, biti ya jino moja milimita 6, mizunguko 18,000, mwendo milimita 1,200 kwa dakika, nashuka milimita moja moja. Sikiliza... mvumo tu. Ona inavyotoa, chenga kabisa, siyo unga. Nimeizima, nagusa kipande... vuguvugu, joto kubwa limeondoka na chenga.