Krimu ya estrojeni au mafuta ya nazi kwa maumivu ya huko chini?

Dada zangu wa Lamu, hili tuliseme bila haya. Hedhi ikishakoma, estrojeni (homoni ya kike) inashuka, ngozi ya uke inakuwa nyembamba na kavu, hata mkojo unawasha moto, shangazi yangu alikuwa hakai mkekani ila kwa upande mmoja. Mafuta ya nazi yanalainisha kweli na bei rahisi, lakini ni ya saa ileile tu, na yanaharibu kondomu.

Krimu ndo inatengeneza ngozi yenyewe, watia ndani kidogo kila usiku wiki 2, halafu mara 2 kwa wiki, na kwenye damu inaingia kidogo sana kuliko vidonge vya estrojeni. Uvumilie tu, inachukua wiki kadhaa. Ukiwa ulishapata saratani ya matiti, au watoka damu, daktari kwanza jamani.